Unga wa muhogo tuliomwaga kwenye nyumba za watu Newala ulivyotaka kumtoa bibi wa watu roho

Wakuu, kwema huko mliko? Naomba mnipishe nitue mzigo.

Haya ninayoandika yamenitokea mimi mwenyewe, msimu wa korosho uliopita. Sijasimuliwa na mtu na sijaokota kwenye grupu. Jina la mtaa naliweka kapuni na majina ya watu nimebadilisha, maana bado tunapishana nao barabarani.

Kwanza mnijue. Mimi ni bodaboda, kijiwe changu kipo Masasi mjini, upande wa Mkomaindo. Umri unaelekea arobaini. Kidato cha nne nimemaliza juzijuzi kwa masomo ya jioni, mchana nabeba abiria, jioni nabeba daftari. Biology nikapata C. Mke wangu anasema hiyo C nimeitaja mara nyingi kuliko jina lake. Kijiweni wananiita Daktari, na mimi naitika.

Sasa bwana, wakaja wanachuo wawili, mwaka wa tatu. Loveness, dada wa Mbeya, mfupi, mkimya, ana daftari analolishika kama msahafu. Na Shabani, kijana wa Tanga, mwembamba, muoga wa kila kitu chenye meno. Walikuwa wanafanya research ya wanyama pori wanaoishi mjini pamoja na watu. Nani anaishi wapi, anakula nini, anakaribia nyumba za namna gani.

Walitafuta bodaboda wa kuwazungusha. Nikawaambia mimi siyo bodaboda tu, nina C ya Biology. Wakacheka, wakanichukua.

Wiki mbili za Masasi zilikuwa raha tupu. Si mnajua ile milima yetu ya mawe imeingia katikati ya mji? Juu pimbi wanaota jua, chini mtu anakaanga chipsi. Tumbili ndo usiseme. Kuna mmoja namfahamu kwa sura, anaiba mkate, akishaula anarudi kuulizia chai.

Kwa wanyama wa usiku, fungo, kanu, panya buku, walikuwa na njia yao. Unasafisha duara la ukubwa wa ungo, unamwaga mchanga laini wa mtoni, katikati unaweka dagaa. Mnyama akija kula anaacha nyayo. Alfajiri unapiga picha, unapima kwa rula, unafagia, unaondoka. Mwenye nyumba akiamka anakuta uwanja wake kama alivyouacha.

Halafu tukapanda Newala.

Loveness alichagua mtaa mmoja wa pembeni, nyumba zimechanganyika na mikorosho na mashamba ya muhogo. Nyumba ishirini na moja. Mwenyekiti wa mtaa akagonga mhuri kwenye barua yao, ila akasema kitu kimoja: "Huo mhuri ni wa kuingia mtaani. Uani kwa mtu mnaingia kwa ruhusa ya mwenyewe. Zungukeni nyumba kwa nyumba, muwaeleze."

Loveness akataka tuzunguke wote watatu. Mimi nikajitutumua: "Dada, wewe pumzika. Watu wa huku ni ndugu zangu, mimi nimezaliwa Chiwata, hapo jirani tu. Kazi hii niachie."

Hapo ndo nilipoharibu, wakuu.

Ilikuwa msimu, watu wapo mashambani wanaokota korosho. Nyumba ya kwanza nikakuta mtu, ya pili mlango umefungwa, ya tatu umefungwa, ya nne nikakuta mtu, akanikaribisha muhogo wa kuchemsha. Jua linawaka utadhani limeshushwa futi kumi. Hadi saa nane mchana nilikuwa nimeongea na nyumba sita. Sita tu. Tano zikakubali.

Ya sita ilikuwa ya Bi Esha.

Bi Esha ni bibi mjane, anaishi peke yake, nyumba ndogo ya udongo yenye mabati, uwanja umefagiwa mpaka unaona alama za fagio la chelewa. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba, nikamweleza habari ya wanyama na nyayo. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Hapana, mjukuu wangu. Uwanja wangu naufagia mwenyewe. Sitaki mtu animwagie kitu usiku nimelala."

Nikasema sawa bibi.

"Na wenzangu umewauliza?"

"Wote, bibi. Wamekubali."

Ulimi wangu huo. Nyumba kumi na tano sikuona hata mlango ukifunguka, nikasema wote. Nikarudi gesti, Loveness ameshika kalamu. Nikamwambia wote wamekubali isipokuwa bibi mmoja. Akaandika. Akaniuliza, kwa majina? Nikamwambia hapa tunajuana kwa sura, andika mwonekano wa nyumba. Nikamtajia nyumba ishirini na moja kama ninayo ramani kichwani.

Sasa, mchanga. Kule juu ya tambarare hakuna mto wa kuchota mchanga laini, udongo ni mwekundu. Shabani akashauri chokaa. Loveness akakataa, chokaa inaunguza, mnyama akilamba miguu yake anaumia. Akauliza kama kuna kitu chochote laini kisicho na madhara.

Nikasema kipo. Unga wa muhogo.

Tulieni hapa kidogo, maana wa mikoa mingine mtasema kuna ubaya gani. Huku kwetu unga haumwagwi chini hovyo. Unga wa kumwaga chini una kazi yake, ni wa kutambikia. Anayemwaga anajulikana, ndugu wapo, maneno yanasemwa mchana kweupe. Ukikuta unga umemwagwa kimyakimya kwenye nyumba yako na aliyemwaga humjui, basi hujatakiwa heri.

Je, nilijua? Nilijua. Nimelijua tangu sijaota meno. Ila nilijiambia si tatizo, kwa sababu wenye nyumba wameshaambiwa. Uongo niliomdanganyia Loveness nikaumeza na mimi, nikashiba.

(Narudi wakuu, kuna abiria wa hospitali.)

Naendelea.

Siku tatu za kwanza mambo yalikwenda. Saa mbili usiku watu wanakula ndani, tunapita tunamwaga. Loveness alitaka kubisha hodi kila nyumba, nikamwambia usiwasumbue, wanajua. Saa kumi na moja alfajiri tunarudi, picha, rula, fagio, tumeondoka. Fungo walikuja, kanu wakaja, na panya buku mmoja mwenye nyayo ambazo Shabani aliziona akataka kurudi Tanga.

Siku ya nne pikipiki ikapata pancha, tena tairi zote mbili. Kuziba, kujaza, kusukuma, tumefika mtaani saa moja asubuhi imepita.

Kwa mbali nikasikia kelele. Siyo za msiba. Kelele za msiba zina mpangilio wake. Hizi zilikuwa za kila mtu na lake.

Nikapunguza mwendo. Watu kama elfu moja. Haya, tuseme sitini, ila kwa macho yangu siku hiyo walikuwa elfu. Wamejaa uwanja wa Bi Esha, ule uliofagiwa.

Nikamuuliza mama mmoja aliyesimama pembeni, kuna nini?

"Baba, we acha tu. Mtoto wa Mama Tatu amekamatwa na degedege alfajiri. Mama anambeba atoke naye kwenda hospitali, anakanyaga unga! Uani kwake! Na kwenye unga kuna miguu ya kitu, siyo mbwa siyo paka. Tukaangalia majumbani kwetu, unga. Kwa jirani, unga. Kila nyumba. Isipokuwa kwake huyo."

Akanyoosha kidole kwa Bi Esha.

Wakuu, mnaelewa hesabu yake? Mtu pekee tuliyemuuliza akakataa, tukamheshimu, ndiye pekee asiye na unga. Na kwa sababu hana unga, ndiye mmwagaji.

Bibi alikuwa amesimama mlangoni, kanga moja kiunoni, moja kichwani, mkono ameshika fremu ya mlango. Vijana wawili wapo juu ya paa, bati la kwanza limeshang'oka, la pili linalia kwenye misumari. Chini kuna jamaa mpasua mbao, mkubwa kama kabati, wanamwita Baba Saidi. Ndiye alikuwa anauliza maswali.

"Bibi, tueleze. Kwa nini kwako hakuna?"

"Nilikataa mimi. Alikuja kijana wa pikipiki, akasema watoto wa chuo wanatafuta nyayo za wanyama. Nikakataa."

"Kijana gani?"

"Si aliwauliza na nyie? Aliniambia wote mmekubali."

"Nani kaulizwa hapa? Wewe umeulizwa?"

"Mimi sijaulizwa!"

"Mama Saidi, umeulizwa?"

"Na nani? Mimi nilikuwa shamba!"

"Unaona, bibi? Na uongo juu."

Wale watano waliokubali hawakuwepo, wameshatoka alfajiri kwenda mashambani. Bibi wa watu akawa anageuza kichwa kutafuta hata sura moja ya kumuunga mkono. Mimi nipo nyuma, helmeti kichwani, kioo nimeshusha.

Loveness akanisogelea. "Kaka, mbona wanasema hawakuulizwa?"

Nikajifanya narekebisha kioo cha helmeti.

"Uliongea na nyumba ngapi?"

"Sita."

Hakunitukana, wakuu. Angenitukana ningepata nafuu. Aliniangalia tu, halafu akaanza kupita katikati ya watu.

Nikamshika mkono. "Dada, watatuua. Tugeuze, twende kwa mwenyekiti, aje na polisi."

"Mwenyekiti yuko wapi?"

"Kwake. Kama kilomita mbili."

Bati la pili likaanguka chini. Likapiga kelele, watu wakashangilia. Bi Esha akakaa chini pale mlangoni, akajifunika uso kwa kanga.

Nataka niwe mkweli kwenu. Nilifikiria kuondoka. Pikipiki ilikuwa inaunguruma bado, mkono wangu upo kwenye mafuta. Ile dakika ilikuwa ndefu kama mfungo wa Ramadhani ukaunganishwa na Kwaresma. Nikaona nikifika kilomita mbili na kurudi, huyu bibi hatakuwepo.

Nikazima. Nikavua helmeti. Sauti ninayo, mnajua bodaboda hatukosi sauti.

"Unga ni wangu!"

Watu wakageuka wote kwa pamoja. 

"Unga ni wangu mimi! Nimenunua sokoni! Bibi hajui chochote!"

"Huyo ndiye," Bi Esha akasema, amefunua uso. "Kijana mwenyewe huyo."

Baba Saidi akaja. Watu wanampisha. Akachomoa ufunguo wa pikipiki, akautia mfukoni. Mtu wa nyuma akanishika kola. Shabani nilimuona amegeuka rangi, lakini hakukimbia, na hilo nitamheshimu nalo mpaka kaburini.

"Wewe nani?"

"Bodaboda wa Masasi. Nawatembeza hawa wanachuo."

"Unamwaga unga kwenye nyumba za watu usiku, kwa ajili ya nini?"

Nikaeleza. Fungo, kanu, nyayo, dagaa. Naeleza najisikia mwenyewe ninavyoonekana mwehu. Kijana mmoja wa juu ya paa akasema: "Huyo kapangwa! Kapewa kitu na bibi aje amtetee!"

Wengine wakaitikia. Nikasikia neno "petroli" limetajwa mahali, sikujua ni la pikipiki au la bibi au langu.

Baba Saidi akanyanyua mkono, wakatulia kidogo. Akanipeleka mpaka uani kwa Mama Tatu, nyumba ya pili kutoka kwa bibi. Duara letu lipo, nyayo za fungo zimekaa vizuri katikati, na alama ya kandambili ya mama imepita juu yake.

"Unasema ni unga wa kula?"

"Ndiyo, baba."

"Ule."

Unga mbichi wa muhogo, wa chini, uliokanyagwa na fungo. Nikapiga magoti. Nikachota kwa kiganja, nikatia mdomoni. Unga ule ukiingia mkavu hauna pa kwenda, unaziba koo kama saruji. Nikakohoa mpaka machozi, unga unatoka puani. Kuna mtu akacheka. Kicheko hicho kimoja kilikuwa kama mvua, nikajua sasa hivi hawanipigi, labda baadaye.

Loveness naye akapiga magoti, akachota, akala. Hakuambiwa na mtu.

"Haitoshi," akasema mama mmoja. "Wachawi si wanakula vyao?"

Hapo Loveness akamwambia Shabani, "Soma daftari."

Shabani akafungua. Sauti ya Tanga ile, imenyooka.

"Nyumba ya kwanza. Mlango wa bluu, mbuzi wawili, kinu nje. Dagaa watano. Nyayo za panya buku."

"Hiyo ya jirani yangu," mtu akasema.

"Nyumba ya pili. Choo cha mabua, mpapai. Dagaa watano. Hakuna kitu."

"Kwa Baba Shukuru hapo."

Akaenda hivyo. Kila nyumba mwenyewe au jirani anaitikia, kama tunaita mahudhurio shuleni. Baba Saidi akasomewa ya kwake, rundo la mbao, mbwa mweusi, kanu amekuja siku mbili mfululizo. Akanong'ona, "Ndo anayemaliza vifaranga vyangu huyo."

"Nyumba ya kumi na tatu," Shabani akasoma. "Mabati, uwanja umefagiwa, bibi anaishi peke yake. Amekataa. Tusiweke."

Baba Saidi akasogea karibu na daftari.

"Rudia," akasema Baba Saidi.

"Amekataa. Tusiweke."

"Imeandikwa lini?"

Akamwonyesha. Tarehe ipo, mwandiko wa Loveness, wino ule ule, siku tano nyuma. Baba Saidi akachukua daftari, akalisoma mwenyewe polepole, midomo inatembea. Akamwita kijana wake asome naye. Kisha akapaza sauti kuelekea paa la Bi Esha: "Shukeni."

Hawakushuka haraka. Mmoja alikaa pale juu, anaangalia chini, kama hataki kuwa wa kwanza kukanyaga ardhi.

Mwenyekiti alifika saa tatu. Alinisema, wakuu, nilisemwa mpaka C yangu ikarudi kuwa F. Mbele ya watu wote. Akatoa amri: tupigilie mabati ya bibi siku hiyo hiyo, halafu tuzunguke nyumba kwa nyumba tuombe radhi, na mzungukaji wa kwanza niwe mimi, kwa miguu. Nikazunguka jioni tatu, maana mchana watu ni wa shamba. Baadhi walinipokea, baadhi walinifungia mlango, mzee mmoja alinisikiliza akiwa ameshika panga la korosho kuanzia salamu hadi kwaheri.

Mtoto wa Mama Tatu alikutwa na malaria. Akatibiwa, siku ya tatu akarudi anakimbia.

Loveness alimpigia supervisor wake akamweleza yote, bila kunisingizia hata nukta. Jibu lilikuwa data za siku nne zote zifutwe, maana zimechukuliwa kwa watu ambao hawakuridhia. Alizikata kwa mstari mbele yangu, ukurasa kwa ukurasa. Wakaanza upya. Nyumba tisa tu zilikubali mara hii. Akafanya na hizo tisa.

Nimalizie kwa Bi Esha, maana ndiye aliyenifanya niandike.

Tulimpigilia mabati yake, mimi juu ya paa, Shabani ananipa misumari. Mama Tatu alikuja akasimama ukingoni mwa uwanja. "Shikamoo, bibi." "Marahaba." Basi. Akasimama kidogo, akaondoka. Wengine walipita njia ya nyuma ili wasisalimie.

Niliposhuka nikamwambia bibi, paa limekuwa zima, halivuji tena.

Akasema, "Paa mmenipigilia. Hao waliokuwa wanashangilia likianguka, ndo nitaamka nao kesho."

Nikaokota misumari iliyobaki chini, nikamkabidhi. 

Wiki tatu baadaye akanipigia simu, namba nilimwachia mwenyewe. Anahamia kwa binti yake, kijiji cha Mkunya, anataka mtu wa kumng'olea mabati ahame nayo. Nikapanda Newala asubuhi hiyo hiyo. Yale mabati niliyoyapigilia kwa mkono wangu nikayang'oa kwa mkono wangu, moja moja, majirani wanaangalia kutoka kwenye milango yao, hakuna aliyesema bibi baki.

Funzo, kwa yeyote mwenye kazi ya kwenda kwa watu, awe mwanachuo, afisa au dalali: kama umeongea na sita, sema sita. Wale kumi na tano usiowaona siyo namba ya kujazia. Mtu mwingine ndiye atakayeulizwa hesabu yake, na hatakuwa na jibu.

Kwenye uzi huu mtakuta mahali nimeongeza. Watu hawakuwa elfu, na tumbili hajawahi kuulizia chai. Ila sita ni sita, na bibi amehama kweli.

Wale mliowahi kufanya kazi za fildi, mlikutana na nini? Na wenyeji wa kusini, kuna namna yoyote ya mtaa kumrudisha mtu kama Bi Esha, au mtu akishang'oa paa ndo basi? Nauliza kwa nia njema. Hata mwenye la kunitukana aandike, nitasoma zote.